Afya ya Jamaa: Alama ya damu katika ngozi ya mtoto mchanga

Mtoto anapozaliwa salama, jamaa yote hufurahi. Mama humtazama mwanawe toka utosini mpaka nyayoni, humhesabu vidole, humgeuza huku na huku, na asipoona kilema humshukuru Mungu. Kisha majuma mawili au matatu hupita. Siku moja, anapomwosha, mama huona kidoa chekundu karibu na jicho, au mdomoni, au mgongoni, kidogo kama alama ya kuumwa na mdudu. Juma linalofuata kidoa kimekuwa kipana. Mwezi ukiisha kimeinuka juu ya ngozi, nacho ni laini na chekundu kama tunda lililoiva. Hapo furaha hugeuka woga, na maneno huanza uani. Mmoja asema mama alikula kitu cha mwiko wakati wa mimba; mwingine asema kuna jirani mwenye jicho baya; wa tatu amshauri baba aende kwa mpiga ramli kuuliza nani amekasirika. Na mtoto, asiyejua lolote katika maneno hayo, huachwa bila matunzo wakati ule ule ambapo matunzo yangemfaa kuliko siku zote.

Kwa hiyo leo twataka kueleza alama hizo ni nini, zipi ziachwe zenyewe, zipi zipelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia, na jinsi dawa moja ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya moyo, ilivyoonekana kuwa dawa ya alama hizi katika mji wa Bordeaux, nchi ya Ufaransa. Jambo hili lawahusu wazazi kwanza. Lakini wanafunzi nao walisome, maana kesho wao ndio watakaokuwa wauguzi, waalimu na wazazi.

Alama si za namna moja

Mtu asiyetofautisha mihogo mitamu na mihogo michungu aweza kuidhuru jamaa yake. Vivyo hivyo asiyetofautisha alama za ngozi aweza kuhangaika bure kwa alama isiyo na madhara, au kutulia mbele ya alama yenye hatari. Tutaje namna nne.

Namna ya kwanza ni madoa ya rangi ya buluu au ya kijivu yaliyo kiunoni na matakoni. Watoto wengi sana wa Afrika huzaliwa nayo. Hayo si damu, bali ni rangi ya ngozi iliyokaa chini zaidi kuliko kawaida. Hayaumi, hayataki dawa, na kwa kawaida hupotea yenyewe katika miaka ya utoto. Yafaa kuyajua, ili mtu asidhani kwamba mtoto amepigwa, na yaya asiye na kosa asisingiziwe.

Namna ya pili ni madoa mepesi mekundu katikati ya paji la uso, juu ya kope, au kisogoni. Huonekana zaidi mtoto anapolia. Yale ya usoni hufifia mara nyingi katika mwaka wa kwanza au wa pili. Ya kisogoni yaweza kubaki, lakini nywele huyafunika. Nayo hayataki dawa.

Namna ya tatu ni ile ambayo Wafaransa huiita doa la divai. Alama hii ipo tangu siku ya kuzaliwa, ni bapa, na hukua pamoja na mtoto tu, wala haimtangulii. Lakini haipotei, uzeeni bado ipo, na pengine imekuwa nene na nyeusi zaidi. Vishipa vya damu vya mahali pale viliumbika vipana kuliko kawaida. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walieleza sababu yake: ni badiliko dogo linalotokea katika chembe moja ya mwili wa mtoto akiwa bado tumboni, wala halitoki kwa baba wala kwa mama. Dawa tutakayoieleza leo haiponyi alama hiyo. Mahali penye vyombo, waganga huififisha kwa mwanga wa leza. Ikiwa doa hilo limefunika paji la uso na ukope, mtoto apelekwe kwa mganga, kwa kuwa pengine vishipa vya ubongo na vya jicho navyo vina kasoro, na kifafa au ugonjwa wa jicho waweza kufuata.

Namna ya nne ndiyo tunayoishughulikia hasa. Waganga huiita hemanjioma ya watoto wachanga. Mtoto huzaliwa bila alama, au akiwa na kivuli kidogo tu mahali pale. Katika majuma ya kwanza alama hutokea, kisha hukua upesi kuliko mtoto mwenyewe. Kati ya watoto 100, wapata 4 au 5 huwa nayo, lakini yaonekana zaidi kwa watoto weupe kuliko weusi, kwa wasichana kuliko wavulana, na kwa watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Yafaa kukumbuka kwamba katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani sikuzote. Alama yaweza kuwa nyekundu iliyokolea, au ya zambarau. Na ikiwa imekaa chini ya ngozi, pengine mama ataona uvimbe laini tu wenye kivuli cha buluu. Basi mkono wa mama anayemwosha mtoto hujua mapema kuliko macho ya wageni.

Zamani hata waganga walichanganya namna ya tatu na ya nne, wakaziita kwa jina moja. Mwaka 1982 ndipo John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston, Marekani, walipoonyesha wazi kwamba ya tatu ni kasoro ya umbo la vishipa, isiyoongezeka chembe zake, na ya nne ni uvimbe ambao chembe zake huzaana. Kutenganisha majina kulileta faida kubwa, kwani mtu hawezi kupata dawa ya ugonjwa asioujua kwa jina lake.

Mwenendo wa hemanjioma

Hemanjioma ina nyakati tatu. Wakati wa kwanza ni wa kukua. Huanza katika majuma ya kwanza, na mbio zake kubwa huwa kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu. Katika mwezi wa tano nyingi zimekwisha kufikia karibu ukubwa wao wote. Wakati wa pili ni wa kutulia. Wakati wa tatu ni wa kusinyaa: karibu na mwaka wa kwanza wekundu hugeuka kijivu kuanzia katikati, uvimbe hulegea, na alama hupungua polepole kwa miaka kadhaa. Mganga Mwingereza, Lister, aliwafuata watoto wengi wenye alama hizi, akaandika mwaka 1938 kwamba zilipungua zenyewe bila dawa.

Habari hiyo ni njema, na kwa alama nyingi ndogo ni ya kweli. Alama ndogo mgongoni, au mkononi, au tumboni, isiyochubuka, mama asiiguse. Aitazame tu, na kuionyesha kituoni siku ya kupimwa uzito. Lakini tusiseme kwamba kila alama yaweza kungoja. Kusinyaa si kufutika. Alama iliyokuwa kubwa huacha ngozi iliyolegea, au kovu, au nyama iliyonona mahali pa pua au mdomo. Na pengine madhara hutokea mapema kabla wakati wa kusinyaa haujafika.

Tazameni mfano wa jicho. Mtoto mchanga hujifunza kuona kama anavyojifunza kusema. Jicho lililozibwa na uvimbe kwa miezi kadhaa halifundishwi, na ubongo huzoea kulidharau. Hata uvimbe ukiondoka baada ya miaka miwili, jicho lenyewe likiwa zima, kuona kwake kwaweza kubaki hafifu maisha yote. Tazameni tena mfano wa koo. Alama iliyoenea kidevuni na mashavuni, mahali panapoota ndevu kwa wanaume, pengine ina mwenziwe ndani ya koromeo. Mtoto huanza kupumua kwa sauti kama mluzi, sauti hukauka, na njia ya pumzi huzibika. Huyo asingojwe hata siku moja.

Kuna na hatari nyingine. Alama iliyo mdomoni au katika makunjo ya mwili, kama yale yanayofunikwa na nepi, huchubuka na kuwa kidonda. Mtoto hulia usiku kucha na hukataa kunyonya. Mtoto mwenye alama 5 au zaidi ngozini yafaa apimwe ini, kwani pengine nyingine zimejificha humo. Alama kubwa iliyotandaa upande mmoja wa uso huwataka waganga watazame moyo na vishipa vya kichwani. Na alama iliyo katikati ya kiuno yaweza kuficha kasoro ya uti wa mgongo.

Dawa za zamani

Watu wa kale hawakukosa huruma, lakini walikosa dawa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 waganga wa Ulaya walitumia kisu, barafu kali ya hewa kaboni, na hata radiumu. Habari ya radiumu yatuhusu sisi watu wa Kongo. Katika mwaka 1915 mawe yenye uranio yalivumbuliwa huko Shinkolobwe, Katanga. Toka mwaka 1922 radiumu ilitolewa katika mawe hayo kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiumu iliyouzwa duniani ilitoka katika udongo wa nchi yetu. Watu waliisifu mno. Katika nchi ya Swedi peke yake, zaidi ya watoto wachanga 10,000 wenye alama za ngozi walitibiwa kwa miali yake. Alama zilisinyaa, na wazazi walirudi nyumbani wakifurahi. Lakini wataalamu walipowafuata watu hao hata utu uzima wao, waliona kwamba kansa za tezi ya shingo, za maziwa na za ubongo zilikuwa zimeongezeka kati yao. Walitibiwa kwa hatari kubwa ugonjwa ambao kwa wengi wao ungejiponya. Tangu hapo njia ile imeachwa.

Kisha ilikuja dawa ya kortizoni. Mwaka 1967 waganga wa Marekani waliandika kwamba inazuia alama kukua, na kwa miaka 40 ndiyo iliyokuwa tegemeo lao. Ilisaidia wengi, lakini kwa malipo: uso wa mtoto huvimba, urefu wake huchelewa, damu husukuma kwa nguvu mno, na magonjwa ya kuambukiza humpata kwa urahisi. Pengine hata moyo hupata ugonjwa, na ndiko ilikoanzia habari ya Bordeaux.

Dawa ya moyo

Lazima kwanza tumtaje Mskoti mmoja, James Black. Aliona kwamba moyo wenye ugonjwa huchoka zaidi pale mwili unapouamuru kupiga mbio, kama katika hofu na hasira. Akafikiri: badala ya kuuongezea moyo hewa, kwa nini tusiuzuie kusikia amri hiyo? Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake wa Uingereza walitengeneza propranololi, dawa inayofunga mlango ambao amri hiyo huingilia. Wagonjwa wengi wa moyo na wa msukumo wa damu walipata nafuu kwa dawa hiyo, na mwaka 1988 Black alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Hakuna aliyewaza kwamba dawa hiyo ingefaa alama za watoto.

Katika hospitali ya watoto ya Bordeaux, mganga Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa wakimtunza mtoto mwenye hemanjioma puani. Alikuwa akipewa kortizoni. Alama haikupungua, na zaidi ya hayo misuli ya moyo wake ilinenepa hata ikazuia njia ya damu. Waganga wa moyo wakampa propranololi, kwa ajili ya moyo tu. Siku iliyofuata alama ya puani, iliyokuwa nyekundu sana, ilikuwa imegeuka zambarau na kulainika. Kortizoni ilipunguzwa kidogo kidogo, kisha ikakomeshwa, na alama iliendelea kupungua. Mtoto alipofikia miezi 14 ilikuwa bapa kabisa.

Wengine wangaliweza kusema, ni bahati, na kupita. Wao walikumbuka. Mtoto wa pili alikuja na alama kubwa mno ya uso na mkono, iliyoingia hata nyuma ya jicho na kubana koo, na moyo wake ulisukuma damu kupita kiasi. Wakampa dawa ile ile. Baada ya siku 7 mtoto aliweza kufumbua mwenyewe jicho lililokuwa limezibwa. Ndipo wazazi wa watoto wengine 9 walipoelezwa na kukubali, na kwa wote rangi iligeuka na uvimbe kulainika katika muda wa siku moja. Tarehe 12 Juni 2008 habari hiyo ilitangazwa katika gazeti kubwa la waganga la Marekani, na katika muda mfupi waganga wa nchi nyingi waliifuata.

Walakini watoto 11 hawatoshi kuthibitisha dawa. Kwa hiyo watoto 460 wa nchi 16, wenye umri wa siku 35 hata 150, waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa propranololi, wengine maji ya dawa yasiyo na kitu ndani yake, na waliopima hawakujua nani amepewa nini. Matokeo yalichapwa mwaka 2015. Kati ya waliopewa dawa kwa kipimo cha juu kwa miezi 6, watoto 60 katika kila 100 alama zao zilikwisha au zilikaribia kwisha kabisa. Kati ya waliopewa maji matupu, walikuwa 4 tu katika 100. Tangu mwaka 2014 serikali za Marekani na za Ulaya zimeruhusu dawa ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto hawa, na leo propranololi ndiyo dawa ya kwanza ya hemanjioma yenye hatari. Kwa alama ndogo zilizo juu juu ya ngozi, waganga pengine hutumia matone ya timololi, dawa ya macho iliyo ndugu yake.

Dawa hufanyaje? Kwanza huvibana vishipa vya alama, na kwa hiyo rangi hugeuka siku ile ile. Kisha hupunguza zile amri za mwili zinazoviambia vishipa vizaane. Ndiyo sababu inafaa zaidi ikianzwa wakati alama bado inakua. Waganga wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2019 kwamba mtoto mwenye alama ya hatari aonwe na mganga mjuzi mapema, hata katika umri wa mwezi mmoja. Wengi wetu humleta mtoto akiwa na mwaka. Hapo kazi kubwa ya uharibifu imekwisha.

Faida yake na hatari yake

Sasa tunasema neno ambalo twawasihi wazazi walishike. Propranololi ni dawa njema, tena vidonge vyake hupatikana katika maduka mengi ya dawa. Na kwa kuwa vinapatikana, mzazi aliyesikia habari hizi aweza kushawishika kununua kidonge sokoni, kukikata, na kumpa mtoto mwenyewe. Asifanye hivyo kamwe.

Fikirini hesabu hii. Kidonge cha mtu mzima mara nyingi kina miligramu 40. Mtoto mwenye kilo 5, akipimiwa miligramu 2 kwa kila kilo, hupewa miligramu 10 kwa siku nzima, tena zikigawanywa mara mbili. Kidonge kimoja basi ni kipimo cha siku nne. Ni mkono gani utakaokata kidonge sawasawa gizani jikoni? Moyo wa mtoto waweza kupunguza mapigo mno, na pumzi yake ikabanwa.

Hatari iliyo kubwa kupita zote ni kushuka kwa sukari ya damu. Mtoto mchanga hana akiba kubwa ya sukari, na dawa hii humzuia kuitoa ile akiba ndogo aliyo nayo. Akipewa dawa bila kunyonya, aweza kutokwa jasho, kupoa mwili, kulegea, kushikwa na degedege, hata kufa. Kwa hiyo waganga wana amri zisizovunjwa. Dawa hutolewa wakati wa kunyonya au mara baada yake. Saa 9 zipite kati ya kipimo na kipimo. Mtoto akitapika, akikataa kunyonya, au akishikwa na kikohozi chenye mluzi kifuani, dawa husimamishwa na mganga huambiwa. Na katika nchi yetu yenye malaria tuongeze neno: malaria kali hushusha sukari ya damu, na kwinini vilevile. Mtoto wa dawa hii akishikwa na homa apelekwe hospitalini upesi, na mama aseme wazi mtoto anatumia dawa gani.

Kabla ya kuanza, mganga humpima mtoto uzito, husikiliza moyo na mapafu, na huuliza kama ana pumu au kama alizaliwa kabla ya wakati. Huanza kwa kipimo kidogo, kisha hukiongeza. Matibabu huchukua miezi 6 kwa uchache, na mara nyingi zaidi. Kwa kila juma au mwezi uzito ukiongezeka, kipimo hutazamwa upya. Mikono na miguu kuwa baridi, usingizi wa mang'amung'amu, na kuhara kidogo hutokea kwa wengine, na si sababu ya kuitupa dawa bila shauri. Alama ikirudi kuvimba baada ya dawa kukomeshwa, kama ilivyotokea kwa watoto wachache, mganga aweza kuirudisha.

Si kosa la mama

Tumesema juu ya mwili. Tuseme sasa juu ya moyo. Wasomaji wanaojua Kifaransa wamesikia kwamba alama ya kuzaliwa huitwa humo kwa neno lenye maana ya tamaa. Wazee wa Ulaya walisadiki kwamba mama mjamzito aliyetamani matunda mekundu asiyapate, mwanawe huzaliwa na tunda hilo limeandikwa ngozini. Basi ushirikina huo si wa taifa moja. Weupe na weusi, wote tulipokosa kujua tulimtafuta mkosaji, na mara nyingi tulimkuta mwanamke.

Leo twajua zaidi. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba chembe za hemanjioma zina alama ile ile inayopatikana katika vishipa vya kondo la nyuma, yaani vile vinavyomlisha mtoto tumboni. Namna chembe hizo zinavyotokea ngozini ingali ikichunguzwa. Lakini hakuna chakula, wala tamaa, wala ugomvi wa ukoo, wala jicho la jirani linaloingia katika habari hiyo.

Wakristu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa neno hili. Katika Injili ya Yoane, sura ya 9, wafuasi walimwuliza Bwana Yezu ni nani aliyekosa, yule kipofu tangu kuzaliwa au wazazi wake. Bwana alikana yote mawili. Kisha hakukaa kutoa hotuba, bali alimponya. Hivyo ndivyo jamaa ya Kikristu inavyopaswa kufanya: kuacha swali la nani amekosa, na kuuliza nini kifanyike. Mume anayemfukuza mkewe kwa ajili ya alama ya mtoto, na mkwe anayemtupia maneno mezani, wanaongeza jeraha juu ya jeraha. Na wale wa shuleni wanaomcheka mwenzao mwenye doa usoni wajue kwamba doa lile halikumchafua mwenzao, ila kicheko chao chawachafua wenyewe.

Basi, wazazi, shikeni mambo haya. Mama amtazame mtoto mwili mzima, katika mwanga wa mchana, mara moja kila juma katika miezi mitatu ya kwanza. Akiona alama inayokua, aandike tarehe, na aipime kwa uzi. Uzi uliofungwa fundo kwa kila juma utamwambia mganga mengi kuliko maneno. Asiikate, asiichome kwa chuma, asiichanje wala kuipaka majani makali, kwa kuwa alama hii ni vishipa vitupu na hutoka damu. Ikitoka damu, aibane kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuachia. Alama iliyo karibu na jicho, pua, mdomo au kidevu, iliyo kubwa, iliyochubuka, au mtoto mwenye alama nyingi, asingoje siku ya kupimwa uzito, aende kituoni kesho yake, na mwuguzi asiyeijua dawa hii amwandikie barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Mtoto anayepumua kwa mluzi aende leo. Na baba aende pamoja nao. Safari ni ndefu na nauli si ndogo, lakini mama aliyechoka na kusingiziwa husikia vizuri maagizo ya mganga anapokuwa na mumewe kando yake, na dawa ya miezi sita haishikwi na mikono miwili peke yake.